Mawaridi Yasiyofika Kizingitini

Katika nyumba ile, msimu wa mawaridi ukikaribia, hata kitunguu kiligeuka adui. Kilifungwa kwenye mfuko, mfuko ukatiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikapelekwa kwa jirani kulala huko mpaka mavuno yaishe. Sabuni ya kunukia ilifuata njia hiyohiyo. Siki, mafuta ya taa, viatu vya kazi, hata koti la mwana wa nyumba lililokuwa limeshika moshi wa sigara, vyote vilitolewa nje bila huruma. Watu wakaoga kwa maji matupu, wakala viazi vya kuchemsha visivyo na kiungo chochote, wakanywa maji ya moto na kujifanya wameshiba. Wenyewe waliita kuinyamazisha nyumba. Majirani waliita wazimu, ila walisema hivyo kwa sauti ya chini, maana mwenye wazimu huo alikuwa Bibi Pua, na Bibi Pua hakuwa mtu wa kuchezewa.

Jina hilo la utani alipewa na wachumaji, naye alilikubali kama watu wengine wanavyokubali cheo. Alikuwa mjane, mwenye shamba la mawaridi lililopanda mteremko nyuma ya nyumba, na kazi yake ilikuwa moja tu, lakini bila hiyo hakuna nyingine iliyoanza. Kila alfajiri ya msimu alikaa kwenye kigoda chake juu ya kizingiti cha mlango wa nyuma, akafumba macho, akangoja. Mawaridi yakishaiva, harufu yake iliteremka mteremko, ikapita tangi la maji, ikavuka uwanja wa kuanikia vikapu, ikafika pale kizingitini. Siku hiyo Bibi Pua alisema, "Fungueni," na hapo ndipo lango la shamba lilifunguliwa na mtungi wa shaba wa kuchemshia marashi ukawashiwa moto. Kabla ya neno hilo mtu hakugusa ua. Ukichuma mapema umechuma maji, alikuwa akisema, na ukichelewa jua limekwisha kula, wewe unaokota makombo.

Wa pili kwa zamu ya kigoda kile alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, na huyu ndiye mwenye kisa hiki. Aliingia nyumba ile bibi harusi katika mwaka uliokuwa na harufu kali kiasi kwamba wageni walipiga chafya wakila. Bibi Pua alimpenda tangu siku hiyo. Alimfundisha kutofautisha ua lililolala na ua lililoamka, akamfundisha kutema mate kabla ya kunusa, akamgombeza akikosea na kumsifia mbele ya watu akipatia. Na mkamwana naye, niseme ukweli, alimpenda mama mkwe wake kuliko alivyowahi kumpenda mama yake mwenyewe, jambo ambalo hakumwambia mtu kwa sababu alilionea haya.

Sasa mwaka wa kisa hiki baridi haikuja. Mwaka wa nyuma ilikuja kwa kuchungulia tu, na wa kabla ya huo ilikaa siku chache ikaondoka, lakini mwaka huo haikuonekana kabisa. Mablanketi yalibaki sandukuni. Mawaridi, ambayo yanahitaji baridi ili yapumzike na kukusanya nguvu, hayakupumzika. Yalikaa macho majira yote kama mgonjwa asiyepata usingizi, kisha yakaanza kutoa vitumba kabla ya wakati, vidogovidogo, ngozi yake ngumu. Kisima nacho kilizidi kushuka. Pampu ilikohoa tope, ikanyamaza, ikakohoa tena.

Aliyekuwa akibembeleza pampu hiyo ni mume wa mkamwana. Hakuwa mtu mbaya, na yeyote anayetaka kumlaumu kwanza akabebe maji na ndoo kupanda mteremko ule jua likiwa kichwani. Mikono ilikuwa imemchubuka, macho yamemwingia ndani. Siku moja wakiwa mezani alisukuma sahani, akasema bila kupandisha sauti kwamba amefika mwisho. Msimu huu ndio wa kuamua. Yakinuka, yabaki, naye hatanung'unika tena. Yasiponuka, ataita trekta, atang'oa shina moja baada ya jingine na kupanda majani ya ng'ombe, ambayo hayana haja ya kubembelezwa.

Mkamwana alimtazama mama mkwe wake. Alitegemea moto. Lakini Bibi Pua alimaliza kiazi chake taratibu, akajifuta vidole.

"Nani atasema yamenuka au hayakunuka?" aliuliza.

"Wewe, Mama," mwanawe akajibu. "Nani mwingine? Neno lako ndilo la mwisho, kama siku zote."

Basi wakaafikiana hivyo, na nyumba ikanyamazishwa.

Wachumaji walikuja na vikapu vyao, wakakaa kivulini karibu na lango wakisubiri neno. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Vidole kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuchuma, ingawa ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Vidole alilitazama shamba, akasema mawaridi ya mwaka huu yamevaa nguo za dukani, mazuri kwa mbali ila ukisogea huoni kitu. Watu wakacheka. Mkamwana alicheka pia, kisha akaona haya kwa kucheka.

Alfajiri ya kwanza Bibi Pua alikaa kizingitini mpaka jua likamchoma magoti. Hakusema kitu. Alfajiri iliyofuata, vilevile. Maua ya mbele yalifunguka, yakasimama kidogo, na kabla mchana haujaingia yalikuwa yamekunjamana kingo kama karatasi iliyopita karibu na moto. Nyuki, ambao miaka mingine walikuwa kero, walionekana mmoja hapa na mmoja pale, wakizunguka bila kutua. Vidole aliuliza, kwa adabu kiasi alichoweza, kama wangoje mpaka yaanguke yenyewe. Bibi Pua akamjibu kwamba yale yaliyofunguka hayawahusu, yamekwisha kufa. Ndani ya vichaka, chini ya majani, kuna vitumba vya nyuma ambavyo bado vimefumba. Hivyo ndivyo vinavyongoja. Hewa ikipoa hata kwa usiku mmoja, vitaamka na kitu chao. Kwa hiyo kaeni.

Wakakaa. Hewa haikupoa. Mume wa mkamwana alipita na ndoo zake, akipanda na kushuka.

Asubuhi moja mkamwana alipomletea Bibi Pua maji ya moto pale kizingitini, alimkuta amejishika uso kwa viganja viwili. Alidhani analia, lakini macho yalikuwa makavu. Bibi alimwambia akae. Akamshika mkono, akaubana.

"Niambie kweli, mwanangu," alisema. "Wewe unasikia chochote?"

Mkamwana alivuta pumzi. Alisikia udongo mkavu, akasikia mbao za mlango, akasikia nguo ya mama mkwe wake iliyofuliwa kwa maji matupu. Waridi hakusikia. Na hapo, jamani, ndipo alipoharibu. Angesema tu, hapana Mama, sisikii. Neno jepesi kabisa. Lakini aliliona kama ni kusoma hukumu ya shamba lile, na mdomo ukakataa. Alijiambia kwamba huenda moto wa mtungi utatoa kile ambacho pua haioni. Alijiambia kwamba wakianza kuchuma mumewe atatulia. Alijiambia mengi, mtu akitaka kudanganya hakosi la kujiambia.

"Nasikia, Mama," akasema. "Kwa mbali. Lakini nasikia."

Alidhani amempa mama mkwe wake tumaini. Aliona mkono uliomshika ukilegea, ukaanguka mapajani. Bibi Pua alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba aliokuwa akiungoja. Akasema kumbe ndivyo. Kumbe maua hayana neno, ni yeye. Pua imekufa na yeye ndiye wa mwisho kujua, amewaweka watu juani bure huku mavuno yakiharibika mbele yake. Akainuka, akaingia chumbani, akalala akiwa ameelekea ukutani, jua likiwa ndiyo kwanza linapanda.

Mkamwana alibaki amesimama na kikombe mkononi. Maji yalizidi unga, naye hakujua aanzie wapi kuyapunguza. Akimwendea sasa na kumwambia nilidanganya, atakuwa amemuua mara mbili, mara ya kwanza pua na mara ya pili shamba. Alizunguka jikoni kutwa nzima akipangua vyombo na kuvipanga upya. Jioni wazo likamjia, na alipolipata alilishangilia, ndiyo maana nasema akili ya mtu aliyebanwa ni ya kuogopwa.

Chini ya kitanda cha Bibi Pua kulikuwa na kasha. Ndani yake kulikuwa na chupa ndogo za marashi ya shamba lile, moja ya kila mwaka, na shingo ya kila chupa ilifungwa uzi wa rangi yake. Hazikuwa za kuuza wala za kujipaka. Bibi alizitoa mara chache, akazinusa moja moja, akakumbuka nani alizaliwa na nani alikufa. Ya mwaka wa harusi ya mkamwana ilikuwa na uzi wa kijani, na wote waliijua kuwa ndiyo bora ya zote.

Alfajiri, Bibi Pua akiwa anaoga, mkamwana alilivuta kasha. Alichukua yenye uzi wa kijani, akatoka nayo ameificha ndani ya kanga. Alifika kwenye safu ya mawaridi iliyo karibu kabisa na nyumba, akamimina marashi kwenye ndoo ya maji, akachovya ufagio mdogo wa majani na kunyunyiza juu ya vichaka, huku na huku, mpaka ndoo ikaisha. Harufu ilimrukia usoni. Alijikuta anatabasamu peke yake gizani kama mwendawazimu, kwa sababu kwa muda ule mfupi mwaka ule mzuri ulikuwa umerudi kweli.

Kisha akaingia ndani, akamshawishi mama mkwe wake atoke. Akamwambia ajaribu mara moja tu, akishindwa atamwachia alale. Bibi Pua alikubali kwa kumhurumia yeye. Alijikongoja mpaka kizingitini, akakaa, akafumba macho. Upepo mwepesi ulikuwa unashuka.

Wachumaji walimwona akinyanyua kidevu. Vidole aliacha kutafuna. Bibi Pua alivuta pumzi, akaishika, akaiachia, akavuta tena, na machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyafuta.

"Ajabu," alisema. "Yananuka kama mwaka ulipokuja wewe."

Mkamwana alisogea mlangoni. Alishika fremu ya mlango, akasema, "Ndiyo, Mama."

"Basi fungueni. Na msiache kitu."

Hapo inabidi kueleza, kwa sababu ndipo penye ubaya wote. Katika miaka dhaifu, wachumaji wa pale waliondoa maua yaliyofunguka tu na kuviacha vitumba vya nyuma vingoje siku yao. Lakini katika mwaka wenye nguvu, harufu inapokuja kwa kishindo namna ile, huvunwa vyote kwa mkupuo, maua na vitumba vilivyonona, kwa kuwa nguvu kama hiyo haikai. Ilikuwa ni kanuni ya shamba, na Bibi Pua aliifuata. Aliusikia mwaka wenye nguvu kuliko yote, akatoa amri ya mwaka wenye nguvu kuliko yote. Mkamwana alifungua mdomo kumzuia, lakini amzuie aseme nini? Akaufunga.

Vidole na wenzake waliingia safu kwa safu. Walikomba shamba mpaka likabaki kijani tupu. Waliacha vichaka vichache tu nyuma ya tangi la maji, kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga pale na hakuna aliyetaka kuvimba uso. Kazi ilikuwa na furaha. Watu walitaniana, mume wa mkamwana alibeba vikapu akikimbia, na alipompita mkewe alimgusa bega akamwambia Mama bado ni Mama. Mkamwana alikwenda nyuma ya banda la mtungi, akaisugua ile ndoo kwa udongo.

Fundi wa mtungi alikuwa mzee mnene asiye na haraka, ambaye kazi yake ilikuwa kuyachemsha maua na kuuongoza mvuke wake upite kwenye bomba la baridi hadi utone chupani. Alijaza mtungi, akaufunga, akauwashia moto wa wastani. Watu wote walikusanyika. Kwa desturi yake matone ya kwanza yalikuwa ya Bibi Pua, na fundi aliyakinga kwenye kijiko akampelekea kwa mikono miwili.

Bibi alinusa. Akanusa tena. Akampa mwanawe kijiko, mwanawe akanusa, akampa fundi. Fundi naye akanusa. Kilichokuwa kwenye kijiko kilinuka majani yaliyochemshwa, basi; yale marashi ya ndoo jua lilikuwa limekwisha kuyala. Fundi alisema labda tungoje yanayofuata, wakangoja, na yanayofuata yakawa majani yaliyochemshwa pia. Aliuzima moto bila kuambiwa.

Bibi Pua alisimama mbele ya wachumaji wake. Aliwaambia kwamba amekosea. Pua yake imewadanganya, nao wasimlaumu mtu mwingine, si hali ya hewa, si fundi, si mwanawe. Uzee ni wake na aibu ni yake. Vidole alitazama chini akichezea mkono wa kikapu. Mkamwana alisimama palepale, hatua chache kutoka kwa mama mkwe wake, akamwacha abebe aibu isiyo yake.

Usiku huo hakulala, na asubuhi aliitwa chumbani. Bibi Pua alikuwa amekaa kitandani na kasha mapajani, chupa zimepangwa juu ya shuka.

"Nataka kujua kama imekufa kabisa au nusu," alisema, akajigusa pua. "Hizi nyingine nazisikia vizuri, ndiyo maana sielewi. Nimeitafuta yenye uzi wa kijani. Unajua iliko?"

Mkamwana alipiga magoti sakafuni. Alisema yote, tangu lile neno la kizingitini mpaka ndoo na ufagio. Alisema haraka haraka, akilia, akitafuna maneno, na alipomaliza aliinamisha kichwa akingoja kutukanwa. Angepona kama angetukanwa. Bibi Pua alikuwa anazirudisha chupa kwenye kasha, moja moja, kila moja mahali pake.

"Ungeniambia husikii," alisema mwishowe, "ningejua pua yangu ni nzima na dunia ndiyo iliyoharibika. Hilo ningelivumilia. Ningekaa pale kizingitini mpaka leo."

Akalifunga kasha. Hakumwambia mwanawe; mkamwana ndiye aliyemwambia mumewe, jioni, na mumewe alimsikiliza hadi mwisho, akavaa viatu, akatoka kwenda kumwona mwenye trekta. Bibi Pua alihamisha kigoda kutoka kizingitini akakitia chini ya meza. Akaagiza ndoo irudishwe kutoka kwa jirani. Siku hiyo nyumba ilikaanga vitunguu mpaka kuta zikashika harufu, na Bibi akala, akaomba kuongezwa.

Trekta lilianza kazi juu ya mteremko. Lilikuwa na meno ya chuma nyuma, likashika mashina na kuyang'oa na mizizi yake, mizizi mirefu myeusi iliyokuwa imeshuka kutafuta maji ambayo hayakuwepo. Mume wa mkamwana aliliendesha mwenyewe. Alikataa mtu mwingine kulishika. Jioni ya siku ya kwanza nusu ya shamba ilikuwa imelala chali, naye akaingia ndani bila kula.

Na usiku ule hewa ikapoa.

Sijui iliona nini ikaamua kuja sasa. Ulikuja upepo wa baridi, baridi ya zamani, ukafuatwa na manyunyu, na mkamwana akaamka akitafuta blanketi. Kulipoanza kupambazuka kulikuwa na ukungu hadi dirishani. Alitoka kuteka maji. Alipofika karibu na tangi alisimama, ndoo ikamponyoka.

Nyuma ya tangi, kwenye vile vichaka vilivyoachwa kwa kuogopa nyigu, vitumba vya nyuma vilikuwa vimefunguka. Havikuwa vingi. Lakini vilinuka, Mungu wangu, vilinuka mpaka kooni, harufu nzito yenye utamu na ukali kidogo mwishoni, ile aliyofundishwa kuingojea. Ilikuwa ikishuka na ukungu kuelekea uwanjani, kuelekea nyumbani. Aligusa ua, akanusa vidole. Shamba zima lingekuwa hivi leo. Vile vitumba vyote vilivyochemshwa bure vingeamka alfajiri hii, kama Bibi alivyosema. Lakini nusu ya chini bado imesimama, alijiambia. Mashina yapo, mwakani yapo.

Juu kule injini iliwaka. Alikimbia kupanda mteremko, miguu ikizama kwenye mashimo ya mashina, akasimama mbele ya trekta mikono imeinuliwa. Mumewe alifunga breki. Mkamwana alimwambia yananuka, ashuke, aje anuse mwenyewe. Mumewe alijaribu, hata alitoa kichwa akavuta pumzi, lakini alikuwa amekaa juu ya injini na mikono yake ilikuwa na mafuta hadi viwikoni.

"Mimi nasikia dizeli," alisema. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira hakuwa nayo. "Na wewe siwezi kukuamini tena, mke wangu. Samahani. Kamwite Mama. Akitoka pale mlangoni akaniambia yananuka, nazima, na sing'oi tena hata shina moja."

Mkamwana alishuka mbio. Alipita nyuma ya tangi, akakata ua kubwa kuliko yote, nyigu mmoja akamuuma shingoni wala hakujali. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akavuka jiko lililonuka vitunguu, akafungua chumba cha mama mkwe wake bila kubisha.

Bibi Pua alikuwa macho. Alikuwa amekaa kando ya kitanda, uso umeelekea dirishani, na dirisha lilikuwa wazi. Ukungu ulikuwa ukiingia taratibu. Alikuwa ameinua kidevu kidogo, kama alivyozoea.

"Mama," mkamwana alisema, akihema. "Yamenuka. Kweli yamenuka. Baridi imekuja, vitumba vya nyuma vimeamka, kama ulivyosema. Twende ukamwambie, anakungoja wewe, amesema atazima."

Alimpa ua. Bibi Pua alilipokea, akalinusa, akafumba macho. Uso ulimlainika wote, hata mikunjo ya paji ikalegea, na mkamwana akaona mahali pa machozi pakianza kung'aa. Alimshika mkono kumwinua.

"Nimeisikia tangu kabla hakujapambazuka," Bibi alisema. Sauti yake haikuwa na ukali. Alilirudisha ua kwenye kiganja cha mkamwana, akamkunja vidole kimoja kimoja. "Ni nzuri sana. Leo umenyunyiza ya mwaka gani, mwanangu?"

Mkamwana aliapa. Aliapa kwa mama yake, kwa watoto ambao hajawazaa, akalivuta kasha kutoka chini ya kitanda amwonyeshe kuwa chupa zilizobaki zote zimejaa. Alilifungua kwa pupa, chupa zikagongana, moja ikaanguka ikapasuka sakafuni, na harufu ya mwaka mwingine kabisa ikapanda kati yao. Bibi Pua aliitazama ile alama ya maji ikitanuka kwenye saruji. Alimpigapiga mkamwana begani, kama mtu anayembembeleza mtoto aache kulia, kisha akainuka akafunga dirisha.

Nje, mwanawe alikuwa amepunguza injini, macho yameelekea mlango wa nyuma. Alingoja. Alingoja kuliko ambavyo mtu mwingine angengoja, alishuka hata akasimama kando ya gurudumu ili aone vizuri zaidi. Kizingitini hakutokea mtu. Akapanda tena, akageuza trekta, na kwa kuwa alitaka kumaliza upande ulio karibu na nyumba kabla jua halijawa kali, akaanzia na vichaka vilivyo nyuma ya tangi.